Tofali Likichoka Hewani

Kwenye mijengo ya gorofa kule Kawangware, Nairobi, mapema kabla jua halijachoma mabati, kuna jambo ambalo mwanafunzi wa kidato cha tatu angefaidika sana kulitazama. Mtu wa mkono amesimama chini, miguu ameitanua, tofali mikononi. Fundi yuko juu ya jukwaa la mbao, ameinama, viganja wazi. Tofali linatoka chini kwa nguvu, linapanda, linapunguza mwendo, na linapofika kwenye viganja vya fundi limeshachoka kabisa. Halipandi tena wala halijaanza kurudi. Fundi hulichukua kama mtu anayechukua kikombe mezani. Hakuna aliyetaja herufi t, hakuna aliyeshika kikokotoo, lakini hesabu nzima ya kwadratiki imefanyika, tena sawasawa, kwa sababu ikikosewa tofali humrudia aliyelirusha.

(Anayetaka kulitazama jambo hili asimame ng'ambo ya barabara. Sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 inadai vifaa vya kujikinga kwenye kazi kama hii, na hata hivyo kofia ngumu huonekana kwa nadra kuliko matofali.)

Sasa mwanafunzi huyohuyo aketi darasani apewe swali: mpira umepigwa kwenda juu, na kimo chake kwa mita baada ya sekunde t ni h = 20t − 5t². Atafute kimo cha juu kabisa. Wengi hukumbuka kwamba kuna kitu kinaitwa −b/2a. Wanaweka namba, wanapata 2, wanaandika "mita 2", wanapiga mstari chini, wanaendelea na swali la pili. Mpira uliopigwa kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, karibu kilomita 72 kwa saa, eti umefika juu ya mlango tu ukarudi. Matatu iliyoshika kasi kwenye barabara kuu ndiyo ya kulinganishwa nao, lakini jibu limeandikwa na halikumshtua mwandikaji.

Hapo ndipo penye tatizo, na si kwamba kijana hajui kanuni. Kanuni anayo, tena ameikariri vizuri. Kinachokosekana ni mpira wenyewe. Ile 2 aliyopata ni sekunde, yaani wakati ambapo mpira uko kileleni, wala si urefu wa kilele. Urefu hupatikana kwa kuirudisha hiyo 2 ndani ya mlinganyo: 20 mara 2 ni 40, ukitoa 5 mara 4, inabaki 20. Mita 20, urefu wa gorofa ya orofa sita na kitu, kama zile zilizosimama siku hizi pande za Gatina, hapohapo Kawangware. Kuiruka hatua hiyo moja ya kurudi kwenye mlinganyo ndiko kunakopoteza alama nyingi, na dawa yake ni kumzoesha mwanafunzi kuuona mpira kabla ya kuiona kanuni.

Aanze kwa kujua kila kipande cha mlinganyo kinafanya kazi gani. 20t ni safari ambayo mpira ungesafiri kama dunia isingekuwa na mvuto: mita 20 kila sekunde, moja kwa moja hadi mawinguni. Ile −5t² ni deni ambalo dunia inadai, na deni hilo halikui polepole. Sekunde ya kwanza linakata mita 5, ya pili linafika 20, ya tatu 45, ya nne 80. Mwanzoni mpira una mtaji mkubwa na deni dogo, kwa hiyo unapanda. Mwishowe deni linaukuta mtaji, na mpira uko chini. Alama ya kutoa iliyo mbele ya 5 ndiyo inayofanya mchoro uwe kama kilima badala ya bakuli. Mwanafunzi anayeidondosha alama hiyo njiani hana kilele tena cha kutafuta.

5 yenyewe ni nusu ya 10, na 10 ni ule mvuto wa dunia uliosawazishwa ili hesabu iwe nyepesi. Namba inayotumiwa zaidi ni 9.8. Nairobi, kwa kuwa iko karibu na ikweta na juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,800, ina mvuto mdogo kidogo, karibu 9.78. Tofauti hiyo haimsumbui mtu anayepiga mpira. Linalomhusu mwanafunzi ni kusoma swali limempa ipi, 10 au 9.8, na kushikamana nayo hadi mwisho.

Baada ya hapo achore jedwali dogo, hata kama hajaombwa. Sekunde 0, mita 0. Sekunde 1, mita 15. Sekunde 2, mita 20. Sekunde 3, mita 15. Sekunde 4, mita 0. Namba tano tu, dakika moja ya kazi, na siri yote iko hapo. 15 imetokea mara mbili, mpira ukipanda na mpira ukishuka. Sifuri nayo imetokea mara mbili. Katikati ya 1 na 3 ni 2. Katikati ya 0 na 4 ni 2. Nyakati zozote mbili ambazo mpira uko kimo kimoja, kilele kiko katikati yake.

Anayeiona hiyo hahitaji tena kuikariri −b/2a, kwa sababu atajua ilikotoka. Ile kanuni ndefu ya kwadratiki ambayo kila mwanafunzi huimba ina sehemu mbili: −b/2a, halafu jumlisha au utoe kipeuo chote kilichogawanywa kwa 2a. Jibu moja liko hatua kadhaa kulia, jingine liko hatua hizohizo kushoto. Kulia na kushoto kwa kitu gani? Kwa −b/2a. Kanuni ya kilele ni kanuni ya kwadratiki iliyokatwa mikono yote miwili. Vitabu vingi huziweka kurasa mbalimbali kama watu wasiojuana, na ni hasara.

Iko njia nyingine ya kichwani, ambayo mama muuza mboga angeielewa upesi kuliko wengi waliokaa darasani. Mpira unaanza na mita 20 kwa sekunde. Kila sekunde dunia inaunyang'anya 10. Baada ya sekunde mbili umeishiwa. Katika sekunde hizo mbili kasi yake imetoka 20 hadi sifuri, kwa hiyo wastani ni 10. Mita 10 kwa sekunde mara sekunde 2: mita 20. Hakuna grafu, hakuna kipeuo. Mwanafunzi akipata jibu kwa njia ndefu alipime kwa njia hii fupi kabla hajafunga daftari. Kasi ya kuanzia igawanywe kwa 10, hizo ni sekunde. Nusu ya kasi izidishwe kwa sekunde hizo, hicho ni kimo.

Mwalimu wa fizikia naye ana yake. Katika kidato cha tatu, mada ya mwendo hufundishwa kwa v² = u² − 2gs, huku mwalimu wa hesabu akifundisha milinganyo ya kwadratiki kwa h na t. Walimu wawili, vipindi viwili, herufi tofauti, na mara nyingi hakuna anayemwambia mwanafunzi kwamba ni mpira uleule. Ushauri hapa ni rahisi na haugharimu kitu: jioni moja aweke daftari la fizikia na la hesabu kando kwa kando, achukue swali moja, alifanye mara mbili. Kileleni v ni sifuri, hivyo u² ni sawa na 2gs. 400 gawanya kwa 20 ni 20. Majibu yakilingana amepata kitu. Yasipolingana amepata kitu kikubwa zaidi, maana kosa liko mahali fulani na sasa anajua la kutafuta. Akifika kidato cha nne ataongezewa njia ya kutafuta mwinuko wa mchoro, 20 − 10t = 0, na wakati ni uleule, sekunde 2.

Kabla ya kuendelea kuna neno moja la kuonya. Kileleni kasi ni sifuri, lakini mvuto haujapumzika. Mwanafunzi anayeandika kwamba pale juu mchapuko ni sifuri amekosea, na kosa hili ni la wengi. Kama dunia ingeacha kuvuta hata kwa nukta moja, mpira ungebaki hapo ukining'inia.

Sasa lori la kabichi. Kabichi za Kinangop zinapofika soko la Kawangware, haziteremshwi kwa karai. Kijana mmoja yuko juu ya lori, mwingine chini, na kabichi zinapita hewani moja baada ya nyingine kama zimefungwa kwenye kamba. Tuseme mikono ya aliye juu iko mita 2 kutoka ardhini, na kabichi inatoka mikononi ikielekea juu kwa mita 4 kwa sekunde. Kimo chake kutoka ardhini ni h = 2 + 4t − 5t².

Swali la namna hii huwapiga mweleka hata wanafunzi wazuri. Mwanafunzi amejifunza kwamba kilele ni nusu ya safari, basi anatafuta kabichi itagonga chini lini. Anaiweka h iwe sifuri na anapata majibu mawili: sekunde 1.15 na sekunde hasi 0.35. Hasi anaifuta, kwa kuwa amefundishwa kwamba muda hauwi hasi. Kisha anaigawanya 1.15 kwa mbili, anapata kama 0.57, anairudisha kwenye mlinganyo, na jibu linatoka mita 2.65. Linaonekana zuri. Ni kosa.

Kabichi haikuanzia ardhini, kwa hiyo nusu ya safari yake si kilele. Ile sekunde hasi 0.35 iliyofutwa ndiyo ingemwokoa. Inasema hivi: kama kabichi hii ingekuwa imerushwa kutoka ardhini ili ipite mikononi mwa kijana wa lorini kwa kasi ileile, ingebidi iondoke chini sekunde 0.35 mapema. Upinde wote, pamoja na ule mkia usioonekana, unaanzia −0.35 na kuishia 1.15. Katikati yake ni 0.4. Kwenye sekunde 0.4 kimo ni 2 + 1.6 − 0.8, yaani mita 2.8. Njia nyepesi zaidi ni kuuliza kabichi itarudi lini usawa wa mikono iliyoirusha: 4t − 5t² iwe sifuri, t ni 0.8, nusu yake 0.4. Jibu ni lilelile bila kipeuo. Jibu hasi likataliwe pale swali linapouliza kabichi itafika chini lini. Swali likiuliza kilele, litumiwe.

Anayependa unadhifu atatumia kukamilisha mraba. −5t² + 4t + 2 inageuzwa kuwa −5(t − 0.4)² + 2.8. Ikishaandikwa hivyo mlinganyo unajisomea wenyewe. Kitu kilichowekwa mraba hakiwezi kuwa hasi, na mbele yake kuna −5, kwa hiyo kipande hicho kinaweza tu kupunguza, hakiwezi kamwe kuongeza. Kinapunguza kidogo kabisa pale t inapokuwa 0.4, ambapo kinapunguza sifuri. Kinachobaki ni 2.8. Wakati na kimo vyote viwili viko mbele ya macho, na lile kosa la kuandika sekunde mahali pa mita linakuwa gumu kulifanya.

Mraba huo ulikuwa mraba kweli. Al-Khwarizmi, mtaalamu wa Baghdad wa karne ya 9, alipoeleza namna ya kutatua milinganyo hii aliichora: mraba, mistatili miwili ubavuni, na pembe moja iliyobaki wazi ikisubiri kujazwa. Neno aljebra limetoka kwenye jina la kitabu chake, al-jabr, kuunga kilichovunjika, na mzizi huo wa Kiarabu ndio uliotupatia Waswahili neno jabari. Mwanafunzi anayeona kukamilisha mraba ni mazingaombwe achore huo mraba kwenye karatasi aone pembe inayokosekana. Kwa kabichi yetu, pembe hiyo ni 0.4 mara 0.4.

Turudi mjengoni, maana tofali bado lina jambo la kusema, na pengine ndilo zuri kuliko yote.

Tuseme viganja vya fundi viko mita 3.2 juu ya mikono ya anayerusha. Mtu wa mkono akirusha kwa mita 8 kwa sekunde, tofali litafika mita 3.2 lini? 8t − 5t² = 3.2. Likipangwa upande mmoja: 5t² − 8t + 3.2 = 0. Kile kipande kilicho ndani ya kipeuo, b² − 4ac, ni 64 kutoa 64. Sifuri. Jibu ni moja tu, sekunde 0.8, na jibu kuwa moja maana yake tofali linagusa kimo hicho mara moja, kwenye kilele, likiwa limesimama. Ndilo lile tofali la kikombe mezani.

Akirusha kwa 9, kipande hicho kinakuwa 81 − 64, yaani 17. Chanya, majibu mawili. Tofali linapita viganja vya fundi likipanda, linafika mita 4.05, kisha linapita tena likishuka. Likipita linakwenda mita 4 na kitu kwa sekunde, ambayo ni kipeuo cha hiyo 17, na fundi anayelidaka kwa kasi hiyo mwisho wa wiki vidole vitamweleza. Akirusha kwa 7, kinakuwa 49 − 64, hasi 15. Mwanafunzi huandika "hakuna jibu" na kusonga mbele. Mjengoni "hakuna jibu" ina maana yake: tofali limefika mita 2.45, limeshindwa, na linarudi lilikotoka.

Vitabu hufundisha b² − 4ac kama jambo la kupanga aina za majibu: mawili, moja, hakuna. Mwalimu anayetaka liingie kichwani bila kutoka aanze na tofali la 9, la 8 na la 7, kwa mpangilio huo, halafu ndipo aandike herufi ubaoni. Mtu wa mkono hurekebisha kati ya 7 na 9 kwa bega lake, bila kujua kwamba anaisukuma namba iliyo ndani ya kipeuo kuelekea sifuri.

Upande wa Kibera, mtaa mwingine wa Nairobi, mahali pa kujifunzia hesabu hii panajulikana na kila mtoto: uwanja wa Kamukunji. Kinachohitajika ni mpira, watu wawili na simu yenye saa ya kupima muda. Hata mulika mwizi, ile simu ndogo ya vitufe, inayo. Mmoja apige mpira juu, mwingine aanze saa mguu unapogusa mpira na aisimamishe mpira unapogusa ardhi. Muda huo wote uzidishwe kwa wenyewe, kisha uzidishwe kwa 1.225. Jibu ni kimo cha kilele kwa mita.

Kanuni hiyo haikutoka hewani. Nusu ya muda ni ya kushuka, na kitu kinachoshuka kutoka kileleni kinasafiri 4.9 mara mraba wa muda wa kushuka. Nusu ikiwekwa mraba inakuwa robo, na robo ya 4.9 ni 1.225. Sekunde 2 hewani ni mita 4.9. Sekunde 3 ni mita 11. Hapo vijana hubishana, maana kutoka 2 hadi 3 ni nyongeza ya nusu tu, na kimo kimezidi maradufu. Hiyo ndiyo tabia ya mraba, na ni vizuri ibishaniwe uwanjani kuliko ikubaliwe darasani bila kueleweka.

Jambo la pili litakalozua ubishi: umbali haumo. Mpira uliopigwa mbali mbele na mpira uliopigwa wima juu ya kichwa, kama yote miwili imekaa hewani sekunde 2.5, imefika kimo kimoja, karibu mita 7.7. Macho hayaamini, kwa sababu ule wa wima huonekana uko juu zaidi. Waipime yote miwili.

Saa ya mkono ina udhaifu wake, na mwanafunzi aujue kabla hajaandika desimali nne. Kidole huchelewa sehemu ya sekunde. Kuchelewa kwa mwanzo na kwa mwisho huelekea kufutana kama anayepima ni mmoja, lakini si kabisa. Kosa la sekunde 0.2 kwenye 2.5 linafanya jibu liwe popote kati ya mita 6.5 na 8.9. Kwa hiyo mpigo mmoja usipewe uzito. Wapige na kupima mara tano, wachukue namba iliyo katikati, waandike jibu kwa mita nzima au nusu. Wenye simu inayorekodi video wanaweza kuhesabu picha moja moja, ambazo kwa kawaida ni 30 kwa sekunde, na kosa litapungua sana. Uwanja ukiwa na mteremko, mpira uangukie pale ulipopigiwa au usawa huohuo, vinginevyo wamerudi kwenye kabichi ya lori.

Kwa asiyeweza kungoja mpira, upinde wote huonekana kwa mara moja kwenye maji. Sehemu za Kibera mabomba ya maji hupita juu kwenye nguzo, mfumo uliojengwa na shirika la SHOFCO ili maji yasichanganyike na uchafu wa mitaroni. Bomba lolote la plastiki likipata tundu dogo, maji hutoka kwa mshazari na kuchora upinde uleule wa kwadratiki, ukiwa umetulia, tayari kwa kupimwa kwa rula. Tundu lisitobolewe kwa ajili ya hesabu, bila shaka. Chupa ya soda na msumari vinatosha.

Upinde wa maji unaingiza swali la umbali mlalo, na hapa kuna kanuni ambayo haijulikani vya kutosha. Kitu kikirushwa kutoka ardhini na kuangukia usawa huohuo, kilele chake kiko juu ya nusu ya umbali, na kimo chake ni umbali wote ugawanywe kwa 4, uzidishwe kwa tanjenti ya pembe ya kurushia. Kwa nyuzi 45 tanjenti ni 1, kwa hiyo mpira ulioanguka mita 40 mbele ulifika mita 10 juu. Kasi haihitajiki hata kidogo.

Mfano mmoja: Agosti 2015, jijini Beijing, Julius Yego alirusha mkuki mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia, Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya mashindano hayo nje ya mbio. Kijana huyo wa Nandi alijifunza mtindo wake kwa kutazama video za YouTube, jambo ambalo mzazi anayemnyang'anya mwanawe simu alifikirie mara mbili. Tuseme mkuki ulitoka kwa nyuzi 35. Tanjenti yake ni 0.7, 92.72 gawanya kwa 4 ni 23.18, ukizidisha kwa 0.7 unapata mita 16 na kidogo. Kwa kweli mkuki si jiwe. Hewa huubeba na kuupunguza kasi, na huondoka mkononi ukiwa juu ya kichwa, kwa hiyo hiyo 16 ni makadirio ya kitu kingine kilichofika mbali hivyohivyo. Lakini inatosha kumfanya mtu anyanyue shingo.

Kuhusu mtihani maneno ni machache. Karatasi ya hesabu ya KCSE huchukua saa mbili na nusu, na msahihishaji hutoa alama za njia mbali na alama za jibu. Mwanafunzi aandike mlinganyo wake, aonyeshe wakati wa kilele ukiwa na neno "sekunde" pembeni yake, ndipo aurudishe ndani na kupata "mita". Akikosea kuzidisha mwishoni bado atakuwa amevuna kitu. Swali likisema kitu kimerushwa kutoka juu ya jengo, aulize kilele kinapimwa kutoka wapi: ardhini au pale kiliporushiwa. Akiombwa kuchora grafu, achague nukta zilizo karibu na kilele, pande zote mbili, wala asiunganishe kwa rula. Kilele kilichochongoka kama paa la nyumba ni ishara ya haraka. Mfumo wa 8-4-4 unaelekea ukingoni, KCSE yake ya mwisho ikiwa ya mwaka 2027, na gredi ya kumi ya kwanza ya mtaala mpya iliingia Januari 2026. Kwa mpira hakuna kilichobadilika.

Shule nyingi za mitaa hii miwili ni zile zilizoanzishwa na jamii yenyewe, ambako kitabu kimoja huzungukwa na vichwa vitatu au vinne. Anayekosa kitabu Kibera aende maktaba ya umma iliyopo mtaani humo. Lakini mwalimu mwenye darasa la namna hiyo ana sababu zaidi ya kulitoa nje kwa kipindi kimoja, alipange kwa makundi ya watano, kila kundi na simu moja, na kulirudisha ndani likiwa na namba zake lenyewe za kuweka kwenye grafu.

Kundi moja lipewe mpira wa juala, ule unaofungwa kwa nyuzi, kama bado lina la kuufungia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na siku hizi wengi hutumia matambara. Mpira huo ni mwepesi na hewa huusumbua. Wapime muda wa kupanda peke yake na wa kushuka peke yake, kwa video. Wataona kupanda kunachukua muda mfupi kuliko kushuka, upinde umelala upande mmoja, na katikati ya safari si kilele tena. Hapo −b/2a imefika mwisho wa uwezo wake, na wa kuulizwa ni mwalimu wa fizikia.